Nyanya Yako Alisema Hapana

Jane na Finch, Toronto
Jumanne, saa tisa alasiri

Wakesho, binti yangu, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa rais wa kigingi, yule mkuu wa kata zetu zote za Wamormoni, akuwekee mikono kichwani. Ukirudi utakuwa mmisionari kamili, mwenye kibandiko cheusi cha jina kifuani. Umesema utapitia dukani kununua soksi ndefu. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne ikiwa basi la Finch litakuwa na tabia zake za kawaida. Hii ni mara ya tano naianza barua hii. Nne za kwanza ziko kwenye pipa la taka.

Mambo ya pasipoti, chanjo na sweta sitayagusa. Orodha yake iko kwenye mlango wa friji kwa mwandiko wako, na wewe hujawahi kusahau kitu. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua utanijibu kwa Kiingereza, kama ulivyonijibu maisha yako yote, lakini Kiswahili unakisoma polepole, na hii nataka uisome polepole.

Jambo ni hili. Nyanya yako hakutaka kubatizwa. Nilimweleza akiwa hai, akasema hapana, na mimi nikafanya.

Nimeandika. Sasa naweza kupumua kidogo na kukueleza ilivyokuwa.

Jumapili iliyopita ulisimama mbele ya kata nzima, waumini wote wa kanisa letu la hapa, kutoa hotuba yako ya kuaga. Ulisema vizuri, kwa sauti ya chini, bila kusoma. Ukawasimulia kuhusu siku ile hekaluni Brampton, ukiwa na miaka kumi na minne, ulipoingia majini kwa jina la Nyanya. Ukasema ulipoinuka ulimhisi amesimama pembeni akisema asante, na kwamba tangu siku hiyo ulijua utakuwa mmisionari. Ukasema una furaha kwamba umeitwa kwenda Kenya, na kwamba utaomba ruhusa uende kwetu Wundanyi siku moja, ukamsimulie Shangazi Mkamburi habari hizo kwa mdomo wako. Watu walilia. Dada aliyekaa nyuma yangu alinipa karatasi ya kufutia machozi na kunigusa bega, akidhani nalia kwa furaha. Nilikuwa nalia kwa hasira, na aliyenikasirisha ni mimi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Si kule kanisani, lakini tulipofika nyumbani. Badala yake nilikuuliza kama chumvi iko sawa kwenye wali.

Ngoja nirudi nyuma. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka mitano. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia niliyekuja huku kusoma nikabaki, nikawa natunza shule ya watu wengine, kufagia madarasa na kuwasha mitambo ya joto kabla walimu hawajafika. Nilikuwa na miaka hamsini na mitano na sikujua kusuka nywele. Vijana wawili wenye mashati meupe waligonga mlango huu huu. Nikawafungulia kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika na walikuwa wamepanda ghorofa tisa kwa miguu. Wakaniambia familia haivunjwi na kifo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniambia neno lolote ambalo lingeniwezesha kuamka siku iliyofuata. Nikaingia kwenye dini hiyo kwa mlango huo, na sioni aibu. Watu wa kata wakaleta vyakula vyenye jibini ambavyo wewe ulivikataa, mama mmoja akakusuka vibaya kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na siku ya kuhamisha kochi walikuja wanaume sita. Watu hao sitawasema vibaya. Ila nitasema hili: kubeba kochi wanajua, kusikiliza swali hawajui.

Kwa maana swali nilikuwa nalo mapema. Wale vijana wawili hawakuniambia kwamba hadi mwaka 1978, miaka minne tu kabla ya wao kugonga mlango wangu, mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani wala kuingia hekaluni na mke wake. Niliyasoma mwenyewe maktabani, nikiwa nimeshabatizwa. Nilipouliza, nilipewa maelezo matatu tofauti na watu watatu tofauti, yote kuhusu yale ambayo roho yangu ilifanya au haikufanya kabla sijazaliwa. Kila mmoja alikuwa na uhakika. Wa nne, mzee mwema sana, aliniambia niweke swali kando, Mungu atalijibu siku moja. Nikaliweka kando. Nikaanza kupata kwa posta yale majarida ya Wamormoni wanaouliza, wanaoandika kwa majina yao kamili kwamba kanisa lilikosea na liseme limekosea. Uliwahi kuyaona chini ya godoro langu ukaniuliza ni nini, nikasema ni mambo ya ushuru. Niliyasoma yote. Nilipigia mistari. Halafu Jumapili nilivaa tai, nikakaa benchi la pili, nikainua mkono kuunga mkono kila kilicholetwa.

Miaka kumi na sita nimekuwa na hasira kwamba watu nisiowajua walikaa mahali wakaamua habari za roho yangu bila kuniuliza. Kumbuka hilo unaposoma yanayofuata, maana mimi sikulikumbuka.

Ulikuwa na miaka kumi tulipokwenda kumwona Nyanya. Unakumbuka kuku na ule mteremko. Sidhani unakumbuka chai. Alikuwa ameipika ya maziwa na tangawizi, kwenye sufuria ile nyeusi, na amewaita majirani waje wamwone mwanawe wa Kanada. Akakumiminia wewe kwanza, kwa sababu wewe ni wajina wake. Kisha mimi.

"Mwakio, kunywa kabla haijapoa."

"Mama, siku hizi sinywi chai."

"Una vidonda vya tumbo?"

"Hapana. Ni mambo ya dini."

Akamgeukia shangazi yako. "Mkamburi, umesikia? Kuna dini inayoogopa majani."

"Labda majani ya Ulaya yana pepo, mama," shangazi yako akasema, na majirani wakacheka.

"Na mtoto?"

"Mtoto pia," nikasema, na nikakiondoa kikombe mkononi mwako. Ulikuwa umeshaonja. Ulikuwa na povu la maziwa juu ya mdomo.

Mama hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alichukua vikombe vyote viwili akairudisha chai kwenye sufuria, taratibu, bila kumwaga tone. Akasema, "Ulipofaulu kwenda shule ya upili tulikunywa chai hapa. Tulipomzika baba yako tulikunywa chai hapa. Haya, nitafutieni maji ya mgeni." Neno hilo mgeni limekaa nami mpaka leo, na nina hakika hakulisema kwa ukali.

Jioni tulikaa jikoni, yeye, shangazi yako na mimi, wewe ukiwa nje na kuku wako. Nilikuwa bado moto kutoka kwenye mafundisho, unajua mtu aliyeokoka upya anavyokuwa. Nikamweleza kwamba kwetu hata waliokufa hubatizwa. Mtu aliye hai huingia majini badala yao. Alikuwa anamenya viazi. Alicheka kwanza.

"Kwa hiyo nikifa, kuna mtu atalowa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama. Kwa upendo."

"Nani?"

"Mwanamke wa ukoo. Labda Wakesho, akikua."

Akaacha kumenya. "Sikiliza, Mwakio. Mimi nilibatizwa nikiwa msichana, nilikwenda kwa miguu yangu, na baba yangu alikuwa amekataza. Nililala nje siku mbili. Ubatizo ule ni wangu. Usiniongezee mwingine."

"Ni nafasi tu, mama. Huko utakuwa huru kukubali au kukataa."

"Basi nakataa. Nakataa sasa, nikiwa na meno yangu. Wewe si mwalimu? Hujui hapana ni nini?"

"Najua, mama."

"Haya. Nipe hiyo chumvi."

Nikampa chumvi. Hayo ndiyo yote. Hakukuwa na ugomvi. Tulikula viazi.

Alikufa miaka miwili baadaye, mwezi wa Februari, na sikuweza kwenda kumzika. Uliniona nimekaa kwenye kiti hiki siku tatu. Kisha hekalu likafunguliwa Brampton, na kata nzima ikawa inazungumza kuhusu majina ya wazazi, nani amepeleka, nani bado. Nikachukua fomu. Palikuwa na mahali pa kuonyesha kwamba ndugu wa karibu ameridhia. Nikafikiri kidogo, nikajiambia ndugu wa karibu ni mimi. Nikatia alama. Nilijipa ruhusa mwenyewe, mama, na nikaona ni utii.

Kuhusu mama yako, ambaye jina lake pia nililipeleka hekaluni, sina la kukiri. Yeye sijui angesema nini, na kutojua ni jambo la kibinadamu. Lakini mama yangu nilijua. Unajua nilijiambia nini usiku na mchana? Kwamba atakuwa huru huko kukataa. Kana kwamba hakuwa ameshakataa hapa, mbele yangu, na kisu mkononi na maganda ya viazi miguuni. Mtu akikujibu hapana nawe ukamwuliza tena mahali ambapo huwezi kumsikia, hukuwa unauliza.

Na sababu yenyewe, ukiniuliza, haikuwa hata dini. Ilikuwa kile kikombe. Nilitaka kuwa na hakika nitamwona tena, ili nimwombe radhi kwa kile kikombe cha chai. Nilifikiri njia ya kumfikia ni hiyo pekee. Najua namna inavyosikika. Nimeisoma sentensi hii mara tatu na inazidi kuwa ya kijinga, lakini ndiyo kweli.

Nikakuingiza wewe. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilikuwa na dada wengi wa kata wa kuwaomba, lakini nilikutaka wewe kwa sababu una jina lake na paji lake la uso, na mimi mwenyewe nikashuka nawe kwenye lile birika lililobebwa na ng'ombe kumi na wawili wa sanamu. Ulikuwa unatetemeka ndani ya lile vazi jeupe lililokuzidi. Nikakushika mkono, nikataja Wakesho badala ya Wakesho, nikakuzamisha. Ulipoinuka ulikuwa unacheka na kukohoa, ukaniambia, "Dad, nilimhisi." Nami nikasema, "Hata mimi." Sikuhisi kitu. Niliona tu maganda ya viazi.

Sikuambii kwamba ulichohisi hakikuwepo. Mimi si mwenye kuyajua hayo, na wewe ulikuwa mtoto mwenye moyo safi uliyempenda nyanya yako. Inawezekana kabisa alisimama pale. Ninachokuambia ni kwamba asante, hiyo sehemu ya asante, uliipata kwangu. Mimi ndiye niliyekuambia njiani tukielekea Brampton kwamba Nyanya anangojea kwa hamu.

Nikampelekea shangazi yako barua ya kujisifu, na picha yako umesimama mbele ya hekalu. Alinijibu kwa mistari miwili. Nimeikalia miaka saba, na leo nimeitoa, iko ndani ya bahasha hii uisome mwenyewe. Inasema: "Kaka, nilikuwa nimekaa pale jikoni. Usiniandikie tena mpaka uwe umemwambia mtoto."

Kwa hiyo si kweli kwamba posta ya Wundanyi ni mbovu. Si kweli kwamba macho yake yameharibika. Kila Krismasi uliponiuliza mbona shangazi haandiki, nilikuwa na jibu jipya, na mwalimu wa historia akikosa la kusema huwa na majibu mengi. Dada yangu wa pekee alinipa sharti moja jepesi, na mimi nilichagua kumpoteza kuliko kukutazama usoni.

Unaona basi kwa nini siwezi kukuacha uende hivi. Ungefika kwake na kile kibandiko, ungekaa pale jikoni, ungeanza kumsimulia kwa furaha habari za asante. Angekutazama. Mkamburi hana maneno mengi lakini anajua kutazama. Ungejifunza habari za baba yako kutoka kwenye uso wa mtu mwingine, na mimi pengine ningekuwa nimeshazikwa huku.

Maana hilo nalo tuliseme. Daktari anasema moyo umechoka, na hasemi kwa mafumbo. Miezi kumi na minane ya misheni yako ni mingi. Yule ndugu wa kata anayekuja kututembelea kila mwezi amekuambia ukitumika kwa uaminifu Bwana atanitunza mpaka urudi. Nilikuwepo, nikaona unavyomwamini, na nilitaka kumtupia fimbo. Ni mtu mwema na ametoa ahadi ambayo si yake. Simu ya kifo changu ikija ukiwa kule, usikae ukihesabu siku ambayo hukuamka mapema kusali. Moyo umechoka kwa sababu ni mzee. Wewe huna sehemu ndani yake.

Sikuandikii ili usiende. Ningekuwa nataka usiende ningelisema mwezi wa pili, barua ya wito ilipofika. Wala sikuambii uliache kanisa. Mimi mwenyewe sijaliacha, na nikifa nitaombewa na askofu wetu, ambaye amekuwa akitamka jina langu vibaya tangu siku ya kwanza. Kuna jambo moja tu nimelijua kwa kuchelewa. Nilidhani kosa la watu wale waliotuzuia lilikuwa rangi. Lilikuwa rangi, ndiyo. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine ambacho nami ninacho, tena kwa wingi: ile hakika kwamba ukimpenda mtu vya kutosha, au ukimjua Mungu vya kutosha, huna haja ya kumwuliza. Nimesoma majarida yale yote yenye hasira, nikapigia mistari makosa ya wazee wa kanisa kule Utah, na sikuwahi kuliona kosa lile lile jikoni kwa mama yangu.

Utagonga milango mingi. Utafunguliwa na wanawake wenye mabakuli ya viazi. Wengine watakupa chai, na najua utaikataa, maana umeahidi. Ikatae vizuri basi. Kaa. Omba maji mwenyewe kabla hawajajisikia vibaya. Na watakaokuambia wana ubatizo wao, waulize ilikuwaje. Nyanya yako alilala nje siku mbili kwa ajili ya wake, na mimi, mwanawe, niliyesomea historia, sikumwuliza hata swali moja. Sijui alilala wapi. Sijui nani alimletea chakula. Hakuna mtu aliyebaki anayejua, isipokuwa labda Mkamburi.

Ninakuomba mawili. La kwanza, ile hadithi ya asante usiisimulie tena, mpaka uwe umeitafakari wewe mwenyewe, na baada ya hapo uamue unavyoona. La pili, ndani ya bahasha hii mna barua nyingine, fupi, niliyomwandikia shangazi yako. Haijafungwa. Inasema tu kwamba nimekuambia. Ukipata ruhusa ya kwenda Wundanyi, umpe. Kisha umwulize kuhusu zile siku mbili, na ukipata jibu niandikie, kama nitakuwepo. Nisipokuwepo, andika tu uweke.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya sanduku lako, kati ya zile sketi, uikute Utah kwenye kituo cha mafunzo. Nilishafungua hata zipu. Kisha nikaona ninafanya tena kile kile, namwamulia mtu mahali asipoweza kunijibu. Kwa hiyo nimeitoa. Iko mezani, imeegemea kopo la sukari. Nami nimekaa kwenye kiti kinachotazama mlango, na miwani yangu nimevaa.

Lifti imeharibika tena, nasikia watu wakilalamika kwenye ngazi, na hatua moja kati ya hizo inafanana na yako. Ukiingia, vua koti kwanza. Isome hapa, mbele yangu, polepole. Uniulize unachotaka, kwa Kiingereza kama ni rahisi kwako. Na hayo mawili niliyokuomba, moja au yote, ukiniambia hapana, safari hii nitaisikia mara ile ya kwanza, bila kukuuliza tena.

Baba yako,
Mwakio